Picha ya Saa Kumi

1

Siku ya kwanza hakuniamkia.

Nilikuwa kwenye kiti changu katika Chumba cha Uandishi, mjini Same, na jalada lake likiwa mbele yangu: Naetwe Mrutu, mwanamke, miaka thelathini na mitatu, mkulima wa tangawizi, mgeni, makala ya kwanza. Aliingia na sanduku la bati kichwani, akalishusha juu ya meza yangu bila kuomba ruhusa, akavuta kiti. Mimi nina miaka hamsini na sita. Mtu wa umri wake akinikuta mahali husema shikamoo hata kama hanipendi, ni adabu tu, haimpunguzii kitu. Nikamngojea. Yeye akafungua sanduku.

"Tunaanza?" akauliza.

"Wewe ndiye mgeni. Nitakwambia mimi tunaanza lini."

Wageni siwapendi, na sijawahi kuficha. Katika miaka kumi na miwili ya ulezi nimekaa na wageni mia moja na kumi, nikawapitisha tisa. Walezi wenzangu wananiita Mama Futa, wakidhani sijui. Wageni huja hapa wakifikiri Elezo ni ukuta wa kuandikia sifa za baba zao, kisha wakikatwa sentensi moja wananuna kama watoto walionyang'anywa muwa.

"Nitajie kanuni tatu," nikasema.

Alizitaja akitazama dirisha, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. "Moja: Elezo huandikwa na watu waliokaa uso kwa uso, si na mashine. Mbili: mashine hutii Elezo. Palipoandikwa hutenda. Penye pengo husimama, hadi mtu aende akaone. Tatu: mlezi hutia jina lake chini ya jina la mgeni. Mmoja akianguka, wameanguka wote."

"Na kwa nini iko hivyo?"

"Kwa sababu ya Gharika. Mimi nilikuwa mdogo, wewe ulikuwa mtu mzima. Ungenieleza wewe."

Ulimi wake ulikuwa na upupu. Lakini alisema kweli, nilikuwa mtu mzima. Nakumbuka mwaka ambao mashine ziliandika sana, zikasomana zenyewe, zikaandikiana tena juu ya zilichosoma, hadi hakuna aliyejua kipi kipo na kipi hakipo. Nakumbuka droni iliyopeleka chanjo katika kijiji ambacho hakijawahi kuwepo ikazitua porini, na kijiji cha kweli kilomita nne kutoka pale kikazika watoto. Baada ya hapo ndipo watu walipoamua: kitabu kimoja, kimeandikwa kwa mikono ya watu wenye majina, na mashine zote, kuanzia za kugawa maji hadi za kubeba dawa, zisome hicho tu. Ndiyo maana chumba chetu hakina mtandao. Kuna waya mmoja unaotoka ukutani kwenda kwa Mizani, mashine inayopima kila sentensi dhidi ya sentensi zote zilizomo. Simu huachwa mlangoni.

"Makala yako inahusu nini?"

"Ndiva ya Kwesasu."

"Ndiva ni nini? Niandikie kama mtu asiyejua."

Akaandika, na mimi nikasoma begani kwake. *Ndiva ya Kwesasu ni ndiva nzuri kuliko zote za Upare, iliyojengwa na mababu zetu hodari.*

"Futa 'nzuri kuliko zote'. Nani kazipima? Futa 'hodari'. Futa 'zetu'. Wewe humo ndani ya makala, umeketi hapa."

"Kwa hiyo nibakize nini?"

"Ukweli. Kama upo."

Kisha akafuta.

Tulikaa hivyo siku tatu. Sikumwonea huruma na yeye hakuomba. Alipoandika kwamba maji hayajawahi kukauka, nilimuuliza ameyatazama tangu lini. Alipoandika kwamba kaya arobaini na tatu zinategemea ndiva, nilimwambia azitaje moja moja kwa ukoo, nikidhani atakwama kwenye ishirini. Akazitaja zote, akaongeza na mbili zilizohamia mwaka huu, kisha akaniuliza kama nataka na majina ya mbuzi. Siku ya tatu mchana makala ilikuwa safi. Ilisema ndiva ni bwawa la udongo na mawe lililochimbwa ubavuni mwa mlima ili kukusanya maji ya chemchemi. Ilisema upana, kina, miti iliyopandwa kuzunguka, koo zinazopokezana zamu. Hapakuwa na neno la ziada. Nilimwambia inafaa kupelekwa, na kwangu mimi hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa. Yeye alipandisha mabega tu.

"Harakisha," akasema. "Zimebaki siku nane."

Hilo lilikuwa kwenye jalada na nililijua. Mgawaji, mashine inayosimamia mabomba ya mkoa, ilikuwa imepanga kuichukua chemchemi ya Kwesasu na kuishusha bondeni, kwenye mabwawa ya kupozea mitambo. Siku nane, kisha lango lingejifunga lenyewe na ndiva isingepata tone. Sikuwa nimejiuliza Mgawaji ilipata wapi wazo kwamba maji yale hayana mwenyewe.

2

Mizani haichelewi. Nilibonyeza, nikahesabu hadi sita, na sentensi ya nne ikawa nyekundu.

*Ndiva hujazwa na kutumika kila siku.*

Chini yake Mizani ikaweka sentensi inayopingana nayo, iliyomo ndani ya Elezo tangu miaka kumi na sita iliyopita: *Ndiva ya Kwesasu imekauka na haitumiki tena. Mhariri 0917. Chanzo: picha ya setilaiti.*

Siku hizi walezi tunatumia majina, lakini mwanzoni, wakati Elezo inajazwa kwa haraka, tulitumia namba. Namba 0917 ilikuwa yangu.

Niliikumbuka ile miezi. Kulikuwa na Mashindano ya Kujaza Pengo, siku arobaini, na kanuni ya kwenda kuona ilikuwa bado haijatungwa. Mtu alikaa nyumbani, akafunguliwa picha za kutoka angani, akaandika. Mimi niliandika mahali arobaini kwa siku. Nikapewa saa ya ukutani, ipo sebuleni hadi leo, na watu wakikaa huniambia ni nzuri. Kwesasu sikuikumbuka hata kidogo. Ilikuwa moja ya zile arobaini.

"Kuna nini?" Naetwe akauliza.

"Kuna mgongano. Kuna mtu aliandika kwamba imekauka."

"Sasa si umfute?"

"Sentensi ya zamani haiangushwi na mpya. Lete chanzo kilichoandikwa."

Hapo ndipo alipolifungua lile sanduku la bati. Ndani mlikuwa na hukumu. Nilidhani mzaha, Wapare na kesi watu wameshawatania vya kutosha, lakini zilikuwa hukumu kweli, zimefungwa kwa kamba za katani mwaka kwa mwaka: baraza la kata, fulani dhidi ya fulani, kugombea zamu ya maji ya ndiva. Mtu aliyefungua kabla ya zamu yake. Mtu aliyetoboa kingo. Ndugu wawili walioshtakiana miaka saba kwa ajili ya mfereji mmoja.

"Watu hawagombani juu ya maji yasiyokuwepo," akasema.

Nilitaka sana zikubalike. Nilizipitisha kwa Mizani moja baada ya nyingine. Za kabla ya Gharika zilikubaliwa zote, lakini zilikuwa za zamani kuliko sentensi yangu, hazikuweza kuipinga. Za baadaye zilikataliwa zote, kwa sababu karatasi yoyote iliyoandikwa baada ya Gharika yaweza kuwa imetungwa na mashine, na mabaraza ya kata hayakuwahi kupewa mhuri wa Elezo.

Njia ya pili niliijua. Aliyeandika sentensi anaweza kuikana. Anaweka kiganja kwenye bamba, anasema kwa sauti kwamba alichoandika si kweli, basi, inafutika. Lakini mtu aliyekana sentensi moja hasadikiwi tena kwa zilizobaki. Kila kinachosimama juu ya jina lake kinagandishwa siku tisini, hadi wakaguzi waende wakaone. Sentensi zangu za wakati ule karibu zote wakaguzi walishaziona, hazingeguswa; zilizobaki zilikuwa makala tisa za wageni niliowapitisha, vijiji tisa. Kimoja chao ni Mlembea, ambako zahanati hupokea damu na dawa ya nyoka kwa droni, kwa sababu barabara ilisombwa.

Kwa hiyo nilifanya walichofanya wahariri wengi kabla yangu, na nilikifanya kwa sauti ile ile ya kiualimu.

"Iko njia nyepesi. Andika kwamba ilikauka, kisha ikafufuliwa. Mgongano unaisha, Mizani inapitisha, maji yenu yanabaki."

"Ikafufuliwa na nani?"

"Mtu yeyote. Mama yako. Umesema ndiye anayeifungua."

Naetwe aliacha kalamu. Aliiweka mezani taratibu, sambamba na ukingo wa meza.

"Mhariri 0917 ni wewe," akasema.

3

Sikukana. Ningeweza, na nusura nifanye hivyo, lakini uso ulishanisaliti.

"Umejua lini?"

"Kabla sijaja. Kwenye jalada la wahariri wa zamani namba zimeandikwa pembeni mwa majina. Nilisubiri foleni yako miezi minane, mama. Walezi wengine walikuwa wazi, wanaoamkia watu na kuwapa chai. Nilitaka nikae na wewe."

"Kwa hiyo hizi siku tatu ulikuwa unanichezea."

"Hizi siku tatu nilikuwa naandika makala. Wewe ulinifundisha. Ukweli, kama upo, si ndivyo ulivyosema?" Akasogeza kiti karibu. "Niambie kitu kimoja. Hiyo picha ilipigwa saa ngapi?"

Niliifungua. Picha zote za mbuga ile na milima ile zilipigwa na setilaiti moja, na setilaiti ile ilipita juu ya Upare wakati ule ule kila siku. Muda uliandikwa pembeni kwa tarakimu ndogo nyeupe ambazo sikuwahi kuzisoma.

"Saa kumi alasiri."

"Na saa kumi alasiri ndiva inakuwaje?"

Sikujua. Mtu niliyeandika mahali zaidi ya elfu moja, sikujua.

"Inakuwa tupu," akasema Naetwe. Sasa alikuwa na hasira waziwazi, na sauti ilimtetemeka, na hilo lilimkera zaidi. "Mama anaziba usiku, chemchemi inajaza. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi, maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Kufika saa nane hakuna kitu, ni tope. Ndivyo ndiva ilivyo. Inajaa ili imwagwe. Mtoto wa darasa la kwanza kwetu angekwambia. Ungeuliza mtu mmoja tu. Lakini wewe ulitazama picha, ukaona tope limepasuka, ukatuzika."

Kwenye kioo cha Mizani tope lile lilikuwepo, rangi ya kahawia, mviringo, lenye nyufa. Pembeni yake, sasa nilipotazama kwa makini, palikuwa na kivuli kirefu chembamba. Fimbo, imesimamishwa kwenye kingo. Mtu ndiye huacha fimbo.

Nilimweleza habari ya vijiji tisa. Sikumweleza kwa nia njema, nakiri. Nilitaka anyamaze. Nilimweleza Mlembea, nikamweleza damu ya wanawake wanaojifungua, nikamwambia kwamba nikikana Kwesasu litakuwa pengo tena na Mgawaji italazimika kusimama, naam, lakini droni nazo zitasimama, kwa kanuni ile ile. Na makala yake mwenyewe itaganda pia, kwa kuwa mlezi wake ni mimi. "Neno moja," nikamwambia. "Ilifufuliwa. Halimuui mtu."

"Unanibebesha mzigo wako."

"Nakueleza hali ilivyo."

Alitoka nje. Nilimsikia akitembea ukumbini, kwenda na kurudi, na nikamwomba Mungu Naetwe akate tamaa, kwa jinsi yoyote. Aliporudi macho yalikuwa makavu. Aliketi, akashika kibodi, akaandika bila kusita: *Ndiva ilikauka kwa muda, ikafufuliwa na Bibi Nakijwa Mrutu.*

"Haya," akasema. "Kwa ajili ya hao wanawake wa Mlembea, si kwa ajili yako. Mama hajui kusoma, hatajua kwamba nimeandika iliwahi kumfia mkononi. Saini. Nimekwisha kuwa kama wewe."

Kabla ya kusaini, mlezi husoma makala yote kwa sauti. Nilianza. Upana, kina, miti, koo. Nilisoma kaya arobaini na tano kwa majina. Nilipofika sentensi ya nne sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. *Ndiva ilikauka kwa muda.* Nikatazama ile fimbo kwenye picha. *Ikafufuliwa na Bibi.*

Sikumalizia. Nimefuta maneno ya watu kwa miaka kumi na miwili, nimewaliza watu wazima hapa kwa sababu ya "hodari" na "nzuri". Msichana huyu alikuja na makala ya kweli, na mimi peke yangu, mlezi wake, ndiye niliyemtia uongo ndani. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona.

"Nipe siku tatu," nikasema.

"Za nini?"

"Za kuwaambia. Wajaze dawa kabla sijakana. Zitabaki tano za kwako."

"Na ukitoroka?"

"Utanishtaki."

"Nitakushtaki," akasema, wala hakutabasamu.

4

Vijiji vinane vilinilaani, kila kimoja kwa namna yake, kisha vikaagiza. Mlembea nilikiacha mwisho. Nilisimama barazani, simu sikioni, nikimtazama mbuzi akila bango la matangazo.

Bi Stamili ndiye anayeendesha zahanati ya Mlembea. Ni yeye aliyekuwa mgeni wangu wa nne. Makala ya Mlembea aliiandika mwenyewe, mezani pangu, na nilimfokea wiki mbili.

"Siku tisini," akarudia. "Otilia Kapinga, damu inakaa kwenye friji siku ngapi?"

"Thelathini na tano."

"Na wewe unanipa siku tatu nijaze friji, kisha nikae tisini."

"Nilikosea, dada. Miaka kumi na sita iliyopita."

"Ungekosea kimyakimya. Kwani wangapi wamekosea humo na wamenyamaza? Mwezi ujao nina wajawazito kumi na wanne. Nikutajie majina uchague?"

Akanitajia. Majina yote kumi na manne, polepole, kama Naetwe alivyonitajia zile kaya, na mimi nikayaandika nyuma ya bahasha kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya.

"Damu nitaileta mimi," nikasema alipomaliza. "Kila Jumatatu. Kwenye kasha la barafu."

"Kwa barabara ipi? Wewe mwenyewe ulisaini kwamba haipo."

"Kwa miguu."

Alicheka kicheko kibaya. "Mama wa mezani," akasema, akakata simu.

Siku ya tatu nikaingia chumbani. Naetwe alikuwa amefika kabla yangu na alikuwa ananakili makala yake kwa mkono kwenye daftari la shule, neno kwa neno, ile ya kwanza, yenye sentensi ya nne ya kweli. Alijua kwamba nikishagusa bamba itatoweka kwenye kioo. Nilimngoja amalize. Alipiga mstari chini ya neno la mwisho kwa rula.

Niliweka kiganja. Bamba lilikuwa la baridi. "Mimi Otilia Kapinga, Mhariri 0917, niliandika kwamba Ndiva ya Kwesasu imekauka na haitumiki. Sikwenda kuona. Si kweli."

Nikahesabu hadi sita. Kwanza sentensi yangu ilifutika. Kisha makala ya Naetwe. Kisha vijiji vyangu, kimoja kimoja, vikawa vya kijivu, na Mlembea kikawa cha mwisho, sijui kwa nini. Mwisho kabisa jina langu. Palipokuwa na Kwesasu pakabaki pengo jeupe, na dakika chache baadaye Mgawaji ikatuma mstari mmoja: *Kazi imesimamishwa. Hakuna habari. Asubiriwe mtu.*

Naetwe alifunga daftari, akalitia sandukuni juu ya zile hukumu.

"Kesho alfajiri," akasema. "Uje kuona."

"Siruhusiwi tena kuandika. Hata nikiona haina faida."

"Sikusema uandike."

5

Tulifika Kwesasu kabla ya saa kumi na mbili, magoti yakiniuma, hewa ikinukia tangawizi na moshi wa kuni. Nilipita kingo ya mwisho na ndiva ikawa mbele yangu, imejaa hadi ukingoni, nyeusi kwa kivuli cha miti. Ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Maji yalikuwa yametulia kabisa.

Kando yake alisimama mwanamke mfupi aliyejifunga kanga mbili, umri unakaribia sabini, fimbo mkononi. Naetwe alimwambia jambo kwa Kipare, fupi. Bibi Nakijwa alinitazama kuanzia viatu.

"Huyu ndiye?" akauliza kwa Kiswahili, ili nisikie.

"Ndiye."

Niliinama. "Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Alizamisha fimbo majini, akaipandisha, akatazama alama palipofika maji, akapiga mbinja kumwita mwenye zamu aliyekuwa chini. Kisha akateremka kwenye tundu la mfereji, akakita miguu, akang'oa gogo lililoziba, na maji yakatoka kwa mshindo wa kunitisha. Nilimsogelea nimsaidie. Alinyoosha fimbo kifuani kwangu, akaielekeza mahali kwenye kingo. Hapo. Nikasimama hapo.

Hakuna aliyeniambia nikae. Watu walipita na majembe, wakamwamkia bibi, wakanitazama, wakapita. Mmoja alitema mate, si karibu nami, lakini si mbali. Saa tatu maji yalikuwa yamepungua kimo cha mkono. Saa tano nikaanza kuona mawe ya kando, yaliyopangwa na watu nisiowajua, kila moja limekaa mahali pake. Saa saba kukatokea ubishi mkubwa bondeni juu ya nani amezidisha zamu, na nikamsikia Naetwe akitaja baraza la kata. Hapo angalau nilitaka kucheka, lakini jua lilikuwa utosini na midomo imenikauka.

Saa nane maji yakaisha. Chini likabaki tope, kahawia, mviringo. Nililitambua.

Naetwe alinijia akiwa na kikombe cha maji na kamba. Mwisho wa kamba alikuwepo punda.

"Jumatatu utamchukua huyu uende naye Mlembea," akasema. "Njia ya huku juu anaijua, ni saa nne tu. Kasha la damu lifunge pande zote mbili lisimchune. Akifa nitakushtaki."

"Sawa."

"Na hao wanawake. Umesema una majina?"

Nikamtolea bahasha. Alisoma nyuma yake yote, midomo ikicheza, akaikunja na kuitia kifuani. Alikuwa na shangazi aliyeolewa Mlembea, akasema, kisha akaenda zake kabla sijajibu.

Nyufa zilianza kuonekana kwenye tope. Bibi Nakijwa alirudi kutoka mashambani, miguu imetapakaa udongo hadi magotini, akapanda polepole hadi nilipokuwa. Alisimamisha fimbo yake kwenye kingo, akatazama ndiva tupu, akanitazama mimi, akatazama juu. Nilitazama juu pia. Hapakuonekana kitu, lakini ilikuwa saa kumi, na nilijua kinachopita.

Tulisimama hivyo hadi kikapita. Kisha akaokota lile gogo, akanipa upande mmoja tulibebe kwenda kuziba.

"Marahaba," akasema.